Namna ya Kuwaalika Wanawake katika Podikasti ya Programu Huria

Mjini Lamu, mazungumzo ya wanaume yana mahali pake panapojulikana. Ni barazani, juu ya viti vya mawe vilivyojengwa nje ya mlango wa nyumba, ambapo mpita njia husalimu, huketi, huulizwa habari, na akiwa na neno hulisema. Mazungumzo ya wanawake mara nyingi huwa ndani zaidi, uani na jikoni, na mtu aliyeshinda barazani kutwa nzima huweza kuondoka akiamini kwamba amesikia mji mzima ukizungumza. Podikasti nyingi (vipindi vya sauti vya mtandaoni) zinazohusu programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake, maagizo yaliyoandikwa ya kuiendesha kompyuta, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza, huendeshwa kwa namna hiyohiyo: mtangazaji huwaalika wale anaowakuta barazani pake. Mwongozo huu ni wa mtangazaji aliye tayari kuinuka na kwenda kupiga hodi. Nimeuandika kutokana na podikasti ndogo ya Kiswahili tunayoirekodi hapa Lamu, na kutokana na makosa tuliyoyafanya sisi wenyewe.

Anza kwa kuhesabu. Fungua daftari, uandike jina la kila mgeni uliyepata kuwa naye, mada aliyoizungumzia, na jina la mtu aliyempendekeza kwako. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa. Nilipoijaza ya kwetu, niliona kwamba majina ya wanawake hayakutimiza vidole vya mkono mmoja, na kwamba karibu kila mgeni alikuwa ameletwa na mgeni aliyemtangulia, mwanamume kwa mwanamume, kama ndoo zinazopokezanwa kutoka kisimani. Hakuna aliyewafungia wanawake mlango. Ni kwamba hakuna aliyepita mlangoni pao. Ikiwa kipindi kina wageni kadhaa, hesabu na dakika pia. Ukirekodi kila sauti katika mkondo wake ndani ya Audacity, ambayo nayo ni programu huria, ya kurekodi na kuhariri sauti, utayaona kwa macho mawimbi ya sauti za wanaume yakijaa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mkondo wa mwanamke aliyealikwa pamoja nao ukiwa mstari mnyoofu wenye vilima vitatu au vinne.

Baada ya kuhesabu, wengi wetu hujitetea kwamba fani yenyewe ina wanawake wachache. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na haifai kupuuzwa. Uchunguzi uliofanywa na GitHub, tovuti ambako watu huhifadhi msimbo na kuuendeleza pamoja, mwaka 2017 kuhusu watu wa programu huria ulionyesha kwamba asilimia 95 ya waliojibu walikuwa wanaume, na wanawake walikuwa asilimia 3 tu. Hata hivyo, podikasti inayotoa kipindi kimoja kila wiki inahitaji wageni 52 kwa mwaka, na hata sehemu ndogo ya umati mkubwa wa watu wa programu huria inatosheleza idadi hiyo mara nyingi mno. Tena uchache si dalili ya uwezo mdogo. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka huohuo, ulioangalia mabadiliko ya msimbo yanayowasilishwa kwenye GitHub, uligundua kwamba kwa ujumla yale ya wanawake yalikubaliwa kwa kiwango cha juu kuliko ya wanaume. Lakini pale mwanamke alipokuwa mgeni katika mradi na jinsia yake ikatambulika, kiwango chake kilishuka chini ya cha wanaume. Mtangazaji anayesema kwamba anaangalia sifa peke yake na ayatafakari matokeo hayo kwa makini.

Pa kuwatafuta

Jambo la kwanza ni kupanua maana ya neno mtaalamu. Mradi wa programu huria hauishi kwa msimbo peke yake: kuna wanaoandika nyaraka, wanaotafsiri, wanaoripoti hitilafu, wanaosanifu sura ya programu, wanaofundisha watumiaji, na wanaopanga mikutano. Chukua mfano wa karibu. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia nchi nzima DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Afisa wa kumbukumbu za afya katika hospitali ya Lamu au Malindi anayeingiza kila mwezi hesabu za watoto waliochanjwa anaifahamu programu hiyo kwa namna ambayo aliyeiandika hawezi kuifahamu. Anajua ni fomu ipi huwachanganya wauguzi, na hufanya nini mtandao unapokatika siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti. Kwamba hajawahi kuandika mstari wa msimbo si sababu ya kutomwalika. Msikilizaji anayeunda programu atajifunza kwake mengi kuliko atakayojifunza kwa mwundaji mwenzake.

Hapa, hata hivyo, nina tahadhari ambayo naomba izingatiwe. Usiwagawie wanawake nyaraka na mafunzo, ukawawekea wanaume msimbo. Wapo wanawake waandishi wa msimbo na waanzilishi wa miradi, na hao waitwe kuzungumzia msimbo na miradi. Ushahidi, jukwaa huria la kukusanya taarifa kutoka kwa wananchi, lenye jina la Kiswahili na lililozaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, lina Ory Okolloh na Juliana Rotich miongoni mwa waanzilishi wake. Angela Oduor Lungati, aliyekuja kuwa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi, ni mmoja wa walioanzisha AkiraChix jijini Nairobi mwaka 2010, shirika linalowafundisha wasichana teknolojia. Watu kama hao wana shughuli nyingi na huenda wasipatikane, lakini kuwafahamu kunakufikisha kwa waliopita mikononi mwao.

Njia nyingine ambayo imetusaidia sana ni Outreachy. Mpango huo ulianza mwaka 2006 ndani ya mradi wa GNOME, unaotengeneza sura ya kompyuta zinazotumia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta; ukafufuliwa mwaka 2010 kwa ajili ya wanawake, na baadaye ukawafungulia mlango watu wengine wanaokosa nafasi katika fani hii. Huwalipa wanagenzi wake kwa miezi mitatu ya kazi katika miradi huria, nao hutakiwa kuandika hadharani kuhusu kazi hiyo wanavyoendelea nayo. Kwa hiyo unaweza kuisoma kazi ya mtu kabla hujamwandikia. Jumuiya za PyLadies na Django Girls, zilizojengwa juu ya Python, lugha ya kuandikia programu, nazo zina wakufunzi wanawake waliozoea kueleza mambo magumu mbele ya watu, na hicho ndicho kipaji anachokihitaji mgeni wa podikasti.

Mwaliko wenyewe

Mwaliko ndio mahali tulipoharibu zaidi. Tulikuwa tukituma ujumbe wa mistari miwili: tunatafuta wanawake wa kuzungumza katika podikasti yetu, je, uko tayari? Tulijibiwa kwa kimya, na kimya kile tulikistahili, kwa maana tulikuwa tumemwambia mtu kwamba tunachokihitaji ni jinsia yake. Sasa tunaandika hivi:

«Asalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mtangazaji wa podikasti ya programu huria hapa Lamu. Nimeyasoma maelezo uliyoyaandika ya kuweka Linux kwenye kompyuta kuukuu za shule, na ile hatua ya nne, ulipoonyesha namna ya kunakili faili za wanafunzi kabla ya kufuta diski, ilituokolea kazi ya siku mbili. Tunaomba utueleze kwa dakika 40 uliifikiaje njia hiyo, na ni yapi yaliyokushinda kabla yake. Maswali sita yako hapa chini; ongeza au punguza upendavyo. Siku na saa uzichague wewe, na gharama ya bando ni juu yetu. Hatutatoa kipindi kabla hujakisikiliza.»

Neno mwanamke halimo katika ujumbe huo. Kilichomo ni kazi yake, na sehemu ya kazi hiyo iliyotajwa waziwazi kiasi cha kumwonyesha kwamba imesomwa. Mara nyingi jibu la kwanza huwa kwamba mimi si mtaalamu, mtafuteni fulani. Usilichukulie kuwa amekataa, wala usimbane. Mjibu mara moja kwa upole kwamba huyo fulani hakuiandika hatua ya nne, kisha umwache afikiri kwa juma zima. Akikataa tena, mshukuru, na umwombe akutajie mwanamke mmoja ambaye yeye mwenyewe anaiheshimu kazi ya huyo.

Siku ya kurekodi

Saa usizikisie. Mwulize. Ipo dhana kwamba jioni inamfaa kila mtu, ilhali kwa wengi hiyo ni saa ya kupika na ya watoto kurudi kutoka madrasa. Katika mwezi wa Ramadhani ndiyo saa ngumu kuliko zote. Kuna mgeni aliyetupa saa kumi na mbili unusu asubuhi, na kile ni kipindi chetu chenye sauti safi kuliko vyote, kwa kuwa punda walikuwa bado hawajaanza kupita kichochoroni na mizigo.

Ikiwa atarekodi nyumbani kwake, na wengi hupendelea hivyo, nyumba ya kale ya mawe ya Lamu ni studio nzuri. Chumba cha ndani kabisa kiko mbali na njia, kuta zake ni nene, na penye ukuta wa vidaka sauti haivumi kama inavyovuma kwenye ukuta mtupu. Tandaza godoro sakafuni, tundika leso mbili tatu nyuma ya anayezungumza, uweke maiki umbali wa shibiri moja kutoka kinywani. Akitaka dada yake, mama yake au mumewe awepo, apewe kiti bila ya swali, na afadhali mmoja wa watangazaji wanaomwendea awe mwanamke. Aliyeko mbali, Kiunga au Malindi, azungumze nanyi kwa Jitsi, programu huria ya mikutano ya mtandaoni, huku simu yake ikimrekodi kando. Mwanzoni pigeni makofi mara moja kwa pamoja, ili mlio huo uwasaidie kuzilinganisha rekodi mbili wakati wa kuhariri. Mtandao ukikatika, sauti yake inabaki salama kwenye simu.

Namna ya kumtambulisha yataka uangalifu. Nimesikia mara nyingi mwanamume akitambulishwa kwa jina la injinia au mtaalamu, kisha mwenzake mwenye shahada ileile akaitwa dada yetu mrembo. Wote wawili wapewe vyeo vyao, na kila mmoja aulizwe kabla ya kurekodi anapenda aitweje. Yuko apendaye Bi, yuko apendaye Mwalimu, na yuko apendaye jina lake peke yake. Maswali nayo yaanze na kazi na yakae kwenye kazi. Swali la namna anavyomudu watoto na kompyuta liulizwe kwa sharti moja, kwamba wageni wanaume nao huulizwa. Na usiwakusanye wanawake wote katika kipindi cha tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, ukarudi barazani hadi Machi nyingine.

Baada ya kurekodi

Sauti ya mtu ni amana. Mpelekee kipindi kilichohaririwa, akiombacho kitolewe kitolewe, bila ya kudai sababu. Picha isiwe sharti. Chora nembo ya kipindi, inatosha. Namba yake ya simu isitajwe, na matusi yakija chini ya kipindi yaondolewe na wewe kabla yeye hajayaona. Jambo linalosahauliwa ni leseni. Sisi watu wa programu huria huzoea kutoa kazi zetu kwa leseni ya Creative Commons, inayowaruhusu wengine kuzitumia kwa masharti, nayo ikishatolewa haibatilishwi: aliyekwisha kuipata sauti hiyo kwa masharti yale ana haki ya kuendelea kuitumia hata ukikiondoa kipindi. Mweleze hayo kwa Kiswahili chepesi, na akitaka leseni yenye masharti zaidi au asitake kabisa, matakwa yake ndiyo yafuatwe.

Kipindi kikishatoka, mtumie faili lake na kiungo, umweleze ni swali lipi wasikilizaji wameliuliza zaidi, kisha umwombe majina mawili. Yaandike daftarini siku hiyohiyo, katika safu ya mwisho jina lake yeye, na umwandikie wa kwanza kati ya hao wawili kabla hujamtafuta mgeni mwingine yeyote.