Bledi ya skroli inachomoka kila saa? Anza na ncha zake kabla hujanunua nyingine

Wengi bledi ya skroli, ile mashine ya msumeno mwembamba wa kukatia nakshi kwenye mbao, ikichomoka katikati ya kazi wanasema ni feki, haoo dukani. Mara nyingi bledi haina kosa, ina mafuta tu. Kiwandani huwa zinapakwa mafuta zisishike kutu, sasa ukiifunga hivyo hivyo, hata ukaze vipi, itateleza. Chukua msasa, sugua ncha zote mbili, pande zote, halafu futa na ndani ya klampu, pale ncha ya bledi inapobanwa, maana unga wa mbao unajazana humo. Skrubu ya klampu nayo iangalie, ncha yake ikishakuwa laini inang'aa haishiki kitu, ipige msasa kidogo au badilisha.

Ila kwanza chomoa plagi. Sio kuzima swichi, chomoa kabisa, swichi inagongwa na kiwiko vidole vikiwa bado pale.

Bledi ziko za pini, yaani zenye kipini kidogo kimepita kwenye ncha, na zisizo na pini, nyingi ni inchi 5. Za pini unapachika chap chap, lakini pini ina upana wake kwa hiyo tundu la kuanzia, lile unalotoboa kwenye ubao kupitishia bledi, lazima liwe kubwa, na kwa nakshi ndogo ndogo hapo ushaharibu ua. Kwa nakshi mimi nasema zisizo na pini, basi.

Meno yaangalie chini. Hayaonekani? Pitisha kidole polepole toka chini kwenda juu, kikikwaruzwa uko sawa. Ukigeuza, ubao utakuwa unarukaruka mezani. Kuna zile zenye meno machache ya chini yanayoangalia juu, hizo ni za kusafisha upande wa chini wa plaiwudi usichanike, na mkono wa mashine ukiwa juu kabisa meno hayo yatokeze mawili matatu tu juu ya meza.

Legeza mvuto, yaani ile nguvu inayoivuta bledi ikae imenyooka, funga chini, pitisha kwenye tundu la ubao, kandamiza mkono wa juu kidogo ndo ufunge juu. Kaza kwa mkono, achana na plaizi, utakula nyuzi za skrubu au bledi ikae imejipinda. Halafu vuta mvuto na uidonoe kama uzi wa gitaa, itoe mlio mwembamba, ikilia dung bado imelegea. Ukiisukuma pembeni kwa kidole icheze kama milimita 3. Ikilegea inatangatanga kwenye kona, ikizidi inakatika paa.

Sasa meza. Kata kidogo tu kwenye kipande kinene cha mbao, kizungushe mpaka nyuma ya bledi, mfereji uleule ukiingia bila kukwama meza iko skwea na bledi, ukigoma rekebisha meza.

Na ikiendelea kuvuta upande mmoja kidogo usihangaike na klampu, bledi nyingi zina ukwaruzo upande mmoja tangu kutengenezwa, we geuza ubao kidogo unaposukuma. Ukifunga kazi jioni legeza mvuto, usiiache imekazwa usiku kucha.