Somo: Soma ubavu wa tairi kabla hujatoa hela

Habari za leo ndugu zangu. Somo hili niliwaahidi tangu kiangazi, na kwa kuwa mvua za Desemba ziko karibu, bora niliandike sasa kabla barabara hazijaanza kuteleza.

Mwaka 2022, saa nane mchana, nilikuwa natoka Morogoro na familia. Tulishaipita Gairo, tunaitafuta Kibaigwa, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Gari liliyumba. Nikashika usukani kwa mikono miwili, sikugusa breki, nikaachia mafuta taratibu mpaka tukasimama pembeni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu hadi leo. Tairi lenyewe lilikuwa na kashata, yaani yale meno yanayokanyaga barabara, za kutosha kabisa. Nilikuwa nimelinunua mtumba mwezi mmoja kabla, limepakwa dawa linang'aa, na mimi nikaangalia kashata tu, nikatoa hela. Pale pembeni ya barabara ndipo nilipoinama kusoma ubavu wake, nikakuta 1411. Limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2011. Watoto wangu walikuwa wamekaa juu ya mpira wa miaka 11.

Huku kwetu tairi huchoka kwa umri na joto kabla halijaisha kashata. Jua la Dodoma halina mchezo, hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, na magari mengi yanashinda juani kuanzia asubuhi, maeneo ya Mtumba, Nzuguni, kila mahali. Mpira ukipigwa na jua na hewa unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka nyufa ndogondogo. Gari likiwa limesimama, tairi linaendelea kuzeeka vilevile. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hii.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe

Zunguka ubavu wa tairi mpaka uone herufi DOT. Baada yake kuna herufi na namba nyingi, zifuate mpaka mwisho. Namba nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Ukiona namba tatu tu, acha hapohapo, hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Mara nyingi tarehe inaandikwa upande mmoja tu, na fundi akilifunga upande huo ukaingia ndani, utahitaji kulala chini na tochi ya simu. Lala. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Kampuni nyingi za matairi zinataja miaka 10 tangu kutengenezwa kuwa ndiyo mwisho, na baadhi ya kampuni za magari zinasema 6. Kwa joto letu mimi nashika 6. Hata tairi jipya dukani lisome, maana linaweza kuwa limekaa stoo miaka minne huku bado lina nailoni yake.

Hatua ya 2: Soma saizi na uzito

Chukua 195/65R15 91H, inayovaliwa na magari mengi madogo hapa mjini. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana. R ni radial, nyuzi zake zimelala kukatiza tairi. 15 ni inchi za ringi. Hayo mafundi wote wanayajua. Wengi wanaruka zile za mwisho: 91 ni namba ya mzigo, maana yake tairi moja linabeba kilo 615, na H ni mwendo, kilomita 210 kwa saa. Mwendo huo hatuuhitaji. Mzigo tunauhitaji sana, na nimeujibu zaidi kwenye maswali huko chini.

Hatua ya 3: Jihadhari na tairi la theluji

Hapa nawaomba mtulie. Magari mengi tunayoagiza Japani, na matairi mengi ya mtumba, yametoka sehemu zenye theluji. Utaona limeandikwa STUDLESS ubavuni, na kashata zake zimejaa mikato myembamba ya kupindapinda. Ukilibonyeza kwa kucha ni laini. Ulaini huo ni kwa ajili ya barabara ya baridi kali. Kwenye lami ya Dodoma mchana wa Oktoba linaisha haraka, gari linakuwa zito kwenye kona, na mvua ya kwanza ikinyesha breki inachelewa kushika. Gari lako likifika bandarini limevaa hayo, weka bajeti ya matairi mapema. Usisubiri yaishe.

Hatua ya 4: Upepo

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango. Kuna stika. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, namba zinasomeka: 220, 230, 240. Hizo ni kPa, kipimo cha upepo. Gawanya kwa 7 utapata psi, kipimo kingine cha upepo, kwa makadirio, hivyo 220 ni kama 32. Huo ndio upepo wa gari lako. Ile MAX PRESS iliyoandikwa kwenye tairi, 44 au 51, ni mwisho wa uwezo wa tairi. Usikubali mtu akujazie mpaka huko.

Pima asubuhi kabla hujatembea. Ukipima baada ya kutoka Manyoni mchana utakuta upepo umepanda, kwa sababu hewa ya moto inatanuka. Ukiupunguza hapo, kesho asubuhi utakuwa na tairi lenye njaa. Na tairi lenye njaa ndilo linalopasuka: ubavu unajikunja kila mzunguko, kujikunja kunaleta joto, joto linalegeza mpira na nyuzi za ndani, kisha safari moja ndefu inamaliza kazi. Nunua gaji yako, kile kifaa cha kupimia upepo. Gaji za vijiweni nyingine zimechoka.

Hatua ya 5: Kagua kila wiki mbili

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, pembeni pameandikwa TWI. Kashata zikilingana na vinundu hivyo zimebaki milimita 1.6, tairi limekwisha. Kwa mvua zetu, zinazonyesha kwa fujo na kupitisha mchanga wa makorongo juu ya lami, ningebadilisha zikifika milimita 3.

Likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Ukingo mmoja tu ni alaimenti (magurudumu hayajanyooka) au bushi (mipira ya maungio ya chini ya gari). Mabakamabaka ni shokapu au balansi. Uvimbe ubavuni ni nyuzi zilizokatika ndani, mara nyingi baada ya kugonga shimo. Hilo halitibiki, litoe leo.

Zungusha matairi mbele na nyuma kila kilomita 10,000. Pancha ya kwenye kashata inazibika, na bora izibwe kwa kiraka cha ndani kuliko kijiti peke yake. Pancha ya ubavuni haizibwi, hata fundi akikuapia.

Hatua ya 6: Kufunga

Nati zikazwe kwa kuvuka, moja hapa, nyingine mkabala wake. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, zikaze tena. Na spea tairi nalo lina tarehe na lina upepo, lipime.

Maswali ya wanachama

Dereva wa Kondoa: Mkuu, nina Hiace, inavaa 195/80R15. Muuzaji ananipa saizi hiyohiyo kwa bei nafuu sana. Nichukue?

Mkuu, usitoe hela kabla ya kusoma namba ya mzigo. Tairi la Hiace huwa limeandikwa 107/105 na LT, yaani linabeba kilo 975 kila moja. Kuna 195/80R15 ya magari madogo ya jipu, imeandikwa 96, hiyo ni kilo 710. Saizi ni moja, ringi linaingia vizuri, lakini kwa matairi manne umepoteza uwezo wa kilo 1,060. Ukiwa na abiria na magunia ya alizeti juu ya keria, milima ya Bereku haitakusamehe.

Mama wa Ilazo: Mwalimu, gari langu linakwenda kanisani na sokoni tu. Matairi ni ya 2014, kashata bado zimejaa. Kweli niyatupe?

Dada yangu, najua inauma kutoa kitu kinachoonekana kizima. Angalia ubavuni na chini ya kashata, naamini utaona nyufa kama za tope lililokauka. Yabadilishe, na kama bajeti haitoshi anza na mawili leo. Mengine yakisubiri, usitoke nayo nje ya mji. Gari lipaki kivulini, na lisogeze kila wiki ili tairi lisilalie sehemu moja.

Kijana wa Nkuhungu: Nikinunua mawili mapya, yakae mbele au nyuma?

Nyuma, hata kama gari linavutwa na mbele. Mbele ikiteleza kwenye maji utaisikia mkononi, utapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari linageuka kabla hujajua.

Kaka wa Mkonze: Nataka kuinua Noah kwa ajili ya njia ya Mvumi. Natoka 195/65R15 niweke 205/70R15?

Kaka, kipenyo kitaongezeka kwa zaidi ya asilimia 5. Spidi mita itakudanganya: ikionyesha 80 wewe uko 84. Pia linaweza kugusa matao ukikata kona na mzigo. Njia ya Mvumi inahitaji shokapu nzima na upepo sahihi kwanza.

Fundi Kizota: Naitrojeni ina faida?

Inavuja polepole kidogo na haina unyevu. Lakini hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni asilimia 78. Ukiwa nayo bure sawa. Ya kulipia, hela hiyo nunulia gaji.

Boda wa Hombolo: Shikamoo mwalimu. Napata pancha hata mara tatu kwa wiki, miiba ya migunga. Nimebadilisha tyubu mbili na bado.

Marahaba kijana wangu. Naona kila mara unabadilisha tyubu na mwiba unabaki kwenye tairi. Kabla ya kuingiza tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole, mzunguko mzima. Kitambaa kikinasa, hapo ndipo ulipo. Ncha ya mgunga ikikatikia ndani haionekani kwa nje, ing'oe kwa koleo. Halafu tazama tairi lenyewe: kama la nyuma limeshakuwa kipara, mwiba hauna kitu cha kupenya kabla ya kufika kwenye tyubu, na hapo tyubu ya tatu nayo itatoboka.