Barua ya Shirika la Ndege Kabla Haijafika: Mambo ya Kuzingatia Serikalini

Shirika la ndege linalotaka kuacha njia huaga polepole. Safari za kila siku huwa nne kwa wiki, ndege kubwa hubadilishwa ndogo, kisha barua hufika wizarani. Serikali nyingi huamka siku ya tangazo, tiketi zikiwa zimeshaacha kuuzwa. Ndiyo maana karibu yote yaliyo hapa ni ya kufanywa mapema.

Anza na pesa. Abiria wa Lagos hununua tiketi kwa naira, lakini mafuta na matengenezo ya ndege hudaiwa kwa dola. Benki Kuu ikikosa dola, mauzo ya shirika hukwama nchini. Mwezi Julai 2022 Emirates, shirika la ndege la Dubai, iliiandikia Nigeria kwamba dola milioni 85 zake zimekwama, na kwamba deni linaongezeka kwa zaidi ya milioni 10 kila mwezi. Barua hiyohiyo ilisema safari za Lagos zitapunguzwa kutoka 11 hadi 7 kwa wiki. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele. Agosti likatoka tangazo la kusitisha safari zote kuanzia Septemba 1, na ni baada ya hapo Benki Kuu ilipotoa dola milioni 265 kwa ajili ya mashirika ya ndege. Emirates ilirudi Septemba, ikaondoka tena Oktoba 29, na Lagos haikuiona tena hadi Oktoba 1, 2024. Kwa hiyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga iwe na jedwali la kila mwezi: shirika gani linadai kiasi gani, tangu lini. Na jedwali hilo lifike Benki Kuu, lisiishie kwenye kabati la mkurugenzi.

Kama pesa hazijakwama, tafuta sababu nyingine kabla waziri hajashika kipaza sauti. British Airways ilipoacha Dar es Salaam mwaka 2013, abiria wa London hawakukosa njia. Walipitia Nairobi, Dubai, Doha au Amsterdam. Ushindani wa namna hiyo hauondolewi kwa kumbembeleza mtu. Mimi pia sioni busara ya kuahidi kulipia viti vitupu kwa fedha za walipa kodi bila kujua vitajaa lini.

Mkataba wa huduma za anga kati ya nchi mbili, yaani makubaliano ya ndege za kila upande kuruka kwenda kwa mwenzake, usomwe ungali wakati wa utulivu, maana hasira husoma vibaya. Desemba 2021 Air Peace ya Nigeria iliomba nafasi tatu za kutua kwa wiki huko Sharjah, katika Falme za Kiarabu anakotoka Emirates, ikapewa moja. Nigeria ikajibu kwa kuipunguzia Emirates safari kutoka 21 hadi moja kwa wiki. Januari 2024 Tanzania nayo ilitangaza kuzizuia ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, baada ya Kenya kuinyima Air Tanzania ruhusa ya safari za mizigo. Hilo lilimalizwa kwa mazungumzo kabla zuio halijaanza. Kulipiza kunaweza kufanya kazi, ila hesabu kwanza abiria wako watakaolala uwanjani.

Wenye tiketi mkononi wapewe jibu siku ya kwanza: nani anarudisha nauli, kwa sarafu ipi, na aliyenunua kwa wakala aende wapi. Wasafirishaji wa mboga na minofu ya samaki nao waitwe, kwa kuwa ndege ya abiria hubeba mzigo wao tumboni, na mzigo huo haungoji vikao.

Mwisho, Mambo ya Nje na Uhamiaji wawe mezani tangu mwanzo. Wakati Nigeria ikiitaka Emirates irudi, raia wake walikuwa na kikwazo kingine cha viza za Falme za Kiarabu, na ndege ikija leo bila viza, nani atapanda?