Saileji ya majani ya tembo: yakate lini, yanyaushe kiasi gani

Saileji (majani ya mifugo yaliyofungiwa bila hewa yachachuke ili yasiharibike) ikioza watu wanakimbilia kulaumu molasi (ile sharubati nzito ya miwa inayochanganywa humo) au nailoni, wakati mara nyingi iliharibika zamani, majani yakiwa bado shambani. Hapa naongelea majani ya tembo (nepia, mabingobingo, iteni mnavyoita) kwa sisi wenye ng'ombe wachache wa maziwa tunaotumia mifuko na mashimo madogo.

Hatua ya 1: kata kwa kimo
Yakifika mita 1 hadi 1 na robo ingia na panga, mvua ikiwa nzuri hiyo ni kama wiki 6 hadi 8 tangu mkato uliopita. Tamaa naijua, mtu anasema ngoja yafike mita 2 nipate mzigo, na mzigo kweli utaupata ila ni wa mabua, protini imeshuka, ng'ombe anachambua majani mabua anayaacha kwenye hori, tena mabua magumu hayashindiliki, hewa inabaki humo ndani. Acha visiki vya sentimita 10 hadi 15, usikwangue udongo maana una bakteria waharibifu.

Hatua ya 2: nyausha (hapa ndo penyewe)
Majani machanga ni matamu lakini yana maji 80% au zaidi. Ukiyafungia hivyohivyo, maji yanachuruzika chini na virutubisho vyako, na bakteria wa asidi ya butiriki (ndio wanaoiharibu saileji ikanuka) wanapata uwanja. Tunataka maji yabaki 65 hadi 70% hivi.

Kata asubuhi umande ukishakauka, tandaza nyembamba, geuza mchana. Jua likiwa kali jioni unaweza kuwa tayari, la sivyo kesho yake. Usidanganywe na jani kusinyaa, bua linachelewa.

Kupima, katakata kidogo, bana kwenye ngumi kama nusu dakika afu achia. Maji yakidondoka, bado. Donge likifunguka taratibu na kiganja kina unyevu tu, funga leo leo. Likisambaratika hapohapo umepitiliza. Kama una mizani ni rahisi zaidi, pima mzigo mmoja wa kilo 100 mara tu ukikata, uanike pamoja na mengine, ukishuka kwenye kilo 67 hivi na ulianza na maji 80% basi umefika 70%.

Yakikauka mno hayashindiliki, yanapata joto na ukungu, kwa hiyo yakatekate madogo zaidi na uchanganye na mabichi ya siku hiyo.

Na masika je? Mimi siwezi kuacha majani nje siku 3 nikisubiri jua, jani lililokatwa linaendelea kupumua na kula sukari yake lenyewe, mvua nayo inaosha iliyobaki. Wingu likigoma ni bora ufunge yakiwa bado na maji yaliyozidi kidogo, uchanganye na pumba kavu za mahindi zinyonye, na molasi kilo 3 hadi 4 kwa kila kilo 100 za majani. Hiyo molasi usiizimue kwa maji mengi, maji tayari unayo ya kutosha!

Hatua ya 3: katakata na ufunge
Sentimita 2 hadi 3, baada ya kunyausha sio kabla. Shindilia tabaka kwa tabaka, toa hewa, funga siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: fungua uikague
Subiri angalau wiki 4, 6 ni nzuri zaidi. Nzuri ina rangi ya kijani-njano na harufu ya uchachu mtamu. Ikiwa nyeusi, inateleza na inanuka samli iliyooza, yalikuwa na maji mengi, mkato ujao ongeza masaa ya jua. Ikiwa kahawia yenye harufu ya tumbaku ilipata joto, yaani yalikauka mno au hukushindilia, ng'ombe wataila vizuri tu ila sehemu ya protini imeshaungua. Yenye ukungu usiwape, itupe mbali na banda.