Jinsi ya kutengeneza mzuka unaoelea kwa mota ya waipa

Yeyote anayeandaa sherehe ya Halloween ya tarehe 31 Oktoba mjini Moshi au Arusha anaweza kutengeneza mwenyewe mzuka unaopanda, kushuka na kupunga mikono gizani, na kifaa kikuu atakachohitaji ni mota ya waipa ya gari kutoka kwa wauza spea zilizotumika. Mota hii inafaa kwa sababu ina giaboksi ndani yake, hivyo huzunguka polepole na kwa nguvu.

Wengi huhangaika sana na sura na meno. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi bure, kwa kuwa usiku sura haionekani vizuri, na kinachomshtua mtazamaji ni mwendo. Kichwa kiwe kibuyu kikavu, mikono iwe ya waya wa kufungia nondo, na vazi liwe chandarua cha zamani au pazia jeupe jepesi la mitumba, la aina inayopatikana soko la Memorial mjini Moshi, lililochanwachanwa pindoni. Mzuka mzima usizidi kilo 1.

Ufundi wenyewe uko kwenye mishipi. Funga mota katikati ya fremu ya mbao, mhimili wake ukitazama juu, kisha mwombe fundi wa kuchomelea akukatie kipande cha chuma bapa na kutoboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 15: moja la kukazwa kwenye mhimili kwa nati, jingine la kupitisha bolti ndefu iliyosimama wima. Juu ya bolti hiyo weka pete inayozunguka bila kukwama, na ufungie hapo mishipi mitatu ya kuvulia samaki. Bila pete hiyo mishipi itajisokota kwenye bolti. Bolti nayo iwe ndefu kupita nati ya mhimili, la sivyo mishipi itanasa kila inapopita katikati.

Piga kwenye fremu skrubu tatu zenye kichwa cha pete, zikiizunguka mota kwa nafasi zilizo sawa, nje ya duara la chuma kinachozunguka. Kila mshipi upite kwenye skrubu yake, kisha kwenye kapi dogo, mmoja ukishukia kichwani na miwili kwenye viganja. Chuma kinapozunguka husogelea skrubu moja huku kikiziacha nyingine, kwa hiyo kila kiungo hupanda na kushuka takriban sentimita 30 kwa wakati wake, na mzuka huonekana kana kwamba unaogelea hewani.

Kwa volti 12 mota huzunguka haraka mno, na mzuka huonekana kama unacheza ngoma. Tumia pawa saplai ya kompyuta ya mezani, ambayo kwa kawaida hutoa volti 5 kwenye waya mwekundu, na ambayo huwaka waya wa kijani unapounganishwa na mmojawapo wa nyaya nyeusi. Fanya maunganisho yote ikiwa imechomolewa ukutani, na kamwe usifungue boksi lake. Weka pia fyuzi kwenye waya unaokwenda kwenye mota. Kwa kuwa mota nyingi za waipa hutumia bodi yake kama hasi, usiiruhusu iguse waya chanya.

Vuli huanza karibu na majira hayo, kwa hiyo tundika fremu chini ya paa la baraza, mikono ya mzuka ikiwa juu ya kimo cha watoto. Mulika kwa taa ndogo ya bluu kutoka chini, na ufiche mota kwa kitambaa cheusi kisichoigusa. Mweleze mapema mlinzi pamoja na majirani, kwani wapo wasioijua sherehe hii kabisa. Kila baada ya muda iguse mota: ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuishika, izime ipoe, kisha uchunguze kama kuna mshipi ulionasa au kapi lililokaza.