Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Taa Kabla ya Kukokota Tishari Usiku

Tagi, yaani meli ndogo yenye nguvu ya kuvuta vyombo vingine, ina watu, ina jenereta na ina swichi zilizo karibu na mkono wa aliye zamu. Tishari, chombo bapa cha mizigo kinachovutwa, mara nyingi halina mtu hata mmoja, na taa yake ikizimika katikati ya bahari yenye mawimbi, kulipanda ili kuitengeneza ni kuhatarisha maisha. Kwa sababu hiyo, ukaguzi wa taa za msafara wa kukokota ufanyike mchana, vyombo vikiwa bado gatini, wala usisubiri jua lianze kuzama.

Anza na urefu wa msafara, kwa kuwa ndio unaoamua idadi ya taa. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinaitaka tagi inayokokota kwa nyuma iwashe taa mbili nyeupe zilizopangwa wima kwenye mlingoti, na ziwe tatu msafara unapozidi mita 200. Urefu huo hupimwa kutoka tezi ya tagi, yaani sehemu yake ya nyuma, hadi mwisho wa chombo cha mwisho kinachokokotwa, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa maana wao huhesabu waya peke yake. Waya wa mita 150 ukivuta tishari la mita 60 unafanya msafara wa mita 210, nao unadai taa tatu usiku na umbo jeusi la almasi mchana, kwenye tagi na kwenye tishari pia. Ukiufupisha waya unapokaribia bandari, hesabu upya na ubadilishe taa.

Pamoja na hizo, tagi iwe na taa nyekundu ubavu wa kushoto, ya kijani ubavu wa kulia, nyeupe kwenye tezi, na juu ya hiyo nyeupe iwepo ya njano inayotangaza kwamba kuna kitu kinavutwa nyuma. Tishari nalo liwe na taa zake za ubavuni na ya tezi.

Ukilifunga tishari ubavuni au ukilisukuma kwa mbele, mpangilio hubadilika. Taa mbili za mlingoti hubaki, ila ya njano huzimwa chini ya kanuni za kimataifa. Tishari linalosukumwa huwashiwa taa za ubavuni kwenye omo yake, yaani sehemu ya mbele. Lililofungwa ubavuni huongezewa na ya tezi. Kabla ya kuondoka, shuka kwenye mashua ndogo uuzunguke msafara wote, kwa sababu tishari tupu hukaa juu sana na huweza kuficha kabisa taa ya ubavu wa tagi. Soma pia kanuni za maji unayoyaendea: kwa mfano, katika maji ya ndani ya Marekani, tagi inayosukuma huonyesha taa mbili za njano nyuma.

Balbu za akiba ziwepo, za nguvu ileile iliyoandikwa kwenye taa. Vioo vifutwe chumvi na masizi.

Betri za tishari zinahitaji hesabu, wala si kukadiria kwa macho. Taa tatu za wati 25 kila moja, kwenye betri ya volti 12, hula zaidi kidogo ya ampea 6. Kwa usiku wa saa 12 hiyo ni takribani ampea-saa 75. Betri ya ampea-saa 100 isiyochajiwa safarini haitaumaliza usiku wa pili. Taa za LED hupunguza sana mzigo huo, lakini zina tabia yake: balbu ya kawaida hukatika ukajua imekufa, ilhali LED hufifia polepole kwa muda mrefu mpaka mwanga unashuka chini ya kiwango huku taa ikiendelea kuonekana nzima. Fuata muda wa matumizi uliowekwa na mtengenezaji, na uubadilishe mkusanyo wote muda huo ukiisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ninalisisitiza kuliko mengine yote. Usiku mmoja tagi niliyokuwa nikifanyia kazi iliitwa kusaidia kuwatafuta wavuvi. Tagi nyingine ilikuwa ikipita na tishari tupu kwa waya mrefu. Mashua ya wavuvi wanne ilikuwa ikikatiza kutoka upande wa kushoto wa msafara, na waliokuwamo waliiona tagi vizuri, wakaisubiri ipite, wakaona mwanga mkubwa mweupe ukienda zake, kisha wakaelekeza mashua nyuma yake. Waya wa kukokotea hulemewa na uzito wake ukazama katikati, kwa hiyo juu ya maji hapakuwa na kitu cha kuwaonya. Mashua ilipita juu ya waya bila kuugusa, na kabla hawajamaliza kuvuka, tishari likawafikia likiwa giza tupu. Omo ya tishari lile ilikuwa imechongwa mteremko kuelekea chini, nayo iliilaza mashua na kuipitia juu. Wavuvi watatu tuliwaopoa wakiwa wameng'ang'ania madumu. Wa nne hatukumpata.

Asubuhi, tishari lilipofungwa gatini, nilisimama dekini pamoja na waliokuwa wakilikagua. Taa ya kulia ilikuwa bado inawaka. Ya kushoto ilikuwa nzima, balbu yake nzima, betri ikiwa na chaji. Waya wake ulikuwa umeungwa karibu na sakafu ya deki, mahali mawimbi yanapopiga, na kiungo kimezungushiwa utepe wa kawaida wa umeme. Utepe ulipofunuliwa, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, ikakatika kwa kuguswa na kidole. Kila taa ya ubavu hufunika nyuzi 112.5 tu, kuanzia mbele hadi nyuma kidogo ya ubavu wake, kwa hiyo ile ya kulia haikuwa na msaada wowote kwa watu waliotokea kushoto. Kufa kwa kiungo kimoja kuliufuta upande mzima wa tishari.

Na bado hitilafu hiyo ingeweza kugunduliwa mapema. Mtu aliye kwenye tagi akitazama nyuma anapaswa kuziona nyekundu na kijani za tishari kwa pamoja, maana tishari linamjia uso kwa uso. Moja ikikosekana, itajulikana mara moja. Lakini taa kubwa za kufanyia kazi kwenye deki ya nyuma ziliwashwa jioni kwa ajili ya kushughulikia winchi, mashine ya kukunja na kulegeza waya, na hazikuzimwa. Aliyekuwa zamu alipogeuka aliona deki iliyong'aa, na nyuma ya mwanga huo hakuona chochote. Mwanga uleule uliimeza taa ya njano, ambayo, tagi ikishapita, ndiyo pekee ingewaambia wavuvi kwamba haiko peke yake. Kanuni zinakataza waziwazi taa yoyote inayofifisha zile za lazima au kumzuia mlinzi asione, na ninaomba katazo hilo lichukuliwe kwa uzito uleule wa katazo la kuwasha moto karibu na mafuta.

Kwa hiyo viungo vya nyaya viwekwe juu, ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, vikiwa vimepakwa grisi. Kila taa iwe na fyuzi yake ili moja ikileta hitilafu isizizime nyingine. Kifuniko cha sanduku la betri kifungwe kwa nati zake zote, isikosekane hata moja. Taa za deki ya nyuma zizimwe mara kazi inapokwisha, na amri ya kuziwasha itoke chumba cha usukani peke yake. Taa za tishari zitazamwe kila saa na matokeo yaandikwe kwenye kitabu cha zamu. Taa ya tezi ya tishari huwezi kuiona kutoka kwenye tagi, basi ziulize kwa redio meli zinazopita nyuma yako. Jibu la dakika moja linatosha.

Ikiwa taa za tishari zinajiwasha kwa jicho la mwanga, lijaribu kwa kulifunika kitambaa kizito mchana, na uhakikishe halielekei taa za gati wala za tagi, kwa sababu likipigwa na mwanga mkali hudhani kumekucha na kuzima taa. Kurunzi ya tagi huweza kusababisha hayohayo. Taa zikifa safarini, kanuni zinakutaka ufanye kila linalowezekana ili tishari lionekane au angalau kuwepo kwake kujulikane: limulike ubavuni bila kuwapofusha wengine, tangaza kwa redio mahali ulipo na urefu wa msafara wako, na usiache kutangaza mpaka taa zirudi au kupambazuke.

Taa huwashwa tangu jua kuzama hadi kuchomoza, na vilevile mchana wa ukungu au mvua nzito. Katika ukungu au mvua hiyo tagi inayokokota hupiga honi moja ndefu ikifuatiwa na mbili fupi, kwa vipindi visivyozidi dakika mbili. Msafara ukikupunguzia mno uwezo wa kukwepa, ongeza taa nyekundu, nyeupe na nyekundu wima. Usiziwashe kwa mazoea tu, kwa kuwa zinaomba wengine wakupishe. Usichukulie kwamba kila mwenye mashua anajua maana ya nyeupe mbili zilizopangwa wima. Wengi hawakufundishwa, na mlinzi wako awatafute kabla wao hawajakutafuta. Na chombo kisicho cha kukokota kikilazimika kumvuta mwenzake aliye taabuni, hakidaiwi taa zote hizi, lakini ni lazima kionyeshe kwamba viwili hivyo vimefungana, hasa kwa kuimulika kamba iliyo kati yao.