Ukitaka majirani waukubali mfuko usiopitisha hewa wa kuhifadhi mahindi

Usianze na mkutano. Mimi nilianza hivyo hapa kwetu Mbozi. Wakapiga makofi, wakarudi kwenye viroba vyao vilevile. Msimu uliofuata nilijaza mahindi kwenye mfuko mmoja wa PICS, ule wenye plastiki mbili ndani ya kiroba, nikauweka sebuleni kando ya kiroba cha kawaida. Kila mgeni aliviona.

Kabla ya kujaza, pima ukavu. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa vizuri, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yarudi juani. Hapa usifanye haraka hata kidogo: mfuko wa kwanza ukishika ukungu, kijiji kizima kitausema kwa miaka. Kisha toa hewa, funga kila plastiki peke yake. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, humaliza hewa iliyobaki, wanakufa.

Siku ya kufungua, mwite mama ambaye wenzake humuuliza habari za mbegu. Afungue yeye, atie mkono wake. Kwangu, kiroba cha kawaida kilimwaga vumbi jeupe la dumuzi. Mfukoni punje zilikuwa nzima. Kesho yake mama yule alinunua miwili. Wengine walimfuata yeye, si mimi.